Si kiwango tu, ni mkupuo

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Kodi za nyumba mjini Unguja zimepanda na wanasiasa wanalaumiana. Je, serikali iweke kikomo cha kodi, au iwaache wenye nyumba na wapangaji wapatane wenyewe?"

Mimi ni mpangaji mwaka wa kumi na moja huu. Nilianza Kikwajuni, nikahamia Mpendae, nikasogea Tomondo, sasa niko Fuoni. Mwenye kutaka kujua kodi ilivyopanda asisumbuke na takwimu, aifuate gari iliyobeba kitanda changu. Jibu langu ni kwamba kikomo sikitaki, na huko "kupatana wenyewe" nako sikutaki, maana nimeshapatana mara nne na kila mara aliyepata ni mwenzangu.

Hii nyumba ya Fuoni ni vyumba viwili, ukumbi na choo cha ndani. Mita ya umeme ya Tukuza, ule wa kulipia kabla, ni moja, tunachangia na watu wa uani. Nilipoletwa kuiona, kodi ilikuwa laki mbili kwa mwezi. Mimi ni mwalimu wa skuli, nikijibana laki mbili naziweza. Dalali akasubiri nimalize kukagua bomba, ndipo akasema, "Miezi sita, mwalimu, na mwezi mmoja wangu." Milioni moja na laki nne. Nilikopa kwa shemeji, nikachukua zamu yangu ya upatu kabla ya wakati kwa kumbembeleza shoga yangu tubadilishane, nikauza friji. Dalali akazihesabu juu ya kiti cha Vespa, noti za elfu kumi mia na arubaini, kidole ulimini kila baada ya noti tano. Nami nikapewa karatasi iliyochanwa katika daftari la hesabu, yenye miraba midogo: "Nimepokea", kiasi, tarehe, saini. Haikusema paa likivuja nani ataezeka, wala nikitakiwa kuhama nitapewa muda gani. Miezi sita ilipokaribia kwisha nikapigiwa simu, siku tisa kabla, kwamba sasa ni laki mbili na nusu.

Nilikasirika sana. Halafu nikamjua mwenye nyumba, na hapa ndipo mjadala wa wanasiasa uliponiharibikia.

Mwenye nyumba si mtu mmoja. Ni marehemu. Aliijenga kwa miaka kumi na saba, akafariki, akaacha mke, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Kwa hiyo ile milioni moja na laki mbili ya miezi sita haikai mfukoni mwa mtu. Mjane anachukua thumni yake, yaani moja ya nane, 150,000. Iliyobaki inagawanywa mafungu saba: kila binti 150,000, kila mtoto wa kiume 300,000. Kwa mwezi, Bi mkubwa ambaye anakaa hapa uani na kunisikia nikikohoa anaishi na 25,000 za kodi yangu. Mimi namwona tajiri anayenikamua, naye ananiona mfanyakazi wa serikali ninayemlalia nyumba ya mumewe kwa bei ya mchele.

Na mkupuo, yaani kudaiwa miezi sita kwa pamoja, unatoka hapo hapo. Warithi mmoja yuko Dar es Salaam, mmoja Pemba, mmoja Muscat. Nani atawakusanya kila mwezi kugawana elfu ishirini na tano? Wanasubiri miezi sita, fungu liwe na uzito, kisha kila mmoja anakuwa na shida yake ya kulitia. Bei ya bati ikipanda, au mtoto wa mmoja wao akienda chuo, simu inapigwa kwangu. Majirani zangu kwenye barabara hii moja wanaokaa nyumba za urithi ni watano, mimi wa sita.

Sijamsikia mgombea hata mmoja akilitaja hilo. Barazani kwetu kuna pande mbili. Wa kwanza wanasema ni wageni na watalii, nchi imeuzwa. Wa pili wanasema ni neema, mji unakua, mwenye wivu ajinyonge. Wote wana robo ya kweli.

Wageni ni wengi, hilo halina ubishi. Mwaka 2024 watalii waliokuja Zanzibar walikuwa 736,755. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini hawakusema mwenyeji atalala wapi. Mwenye nyumba ya Paje au Jambiani aliyekuwa akiwapangisha wapishi na watandika vitanda wa mahoteli, akionja pesa ya usiku mmoja ya mtalii hataki tena kusikia habari ya kodi ya mwezi. Wapishi wanarudi nyuma, wanapanga mbali na pwani, na huko nako kodi inapanda. Kisha kuna fleti mpya za Fumba na kwingineko. Sheria ya Kondominio ya 2010 iliruhusu mtu kumiliki fleti bila kumiliki ardhi iliyo chini yake, na mlango huo ndio wageni wanaopitia kununua. Zinapendeza, sikatai. Ila mimi sikufukuzwa na Mzungu wa Fumba. Hatugombei nyumba moja.

Na sisi wenyewe tumezidi. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Mjini Magharibi una watu 593,678. Ya 2022 ikaukuta na 893,169. Watu laki tatu kasoro kidogo katika miaka kumi, nami nikiwa mmoja wao, nimetoka Wete na begi moja. Hao lazima walale mahali, na mahali penyewe ni Fuoni, Kisauni, Kianga na Bububu.

(Habari ya dola niipite haraka. Machi 2025 Serikali ya Muungano ilitoa kanuni za kukataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni. Namjua dalali ambaye siku hizi anasema "mia tatu kwa mwezi" na hamalizii ni mia tatu za nini.)

Wako wanaotuambia, kwa nini mnapanga, si mkope mjenge? Haya, tukope. Mikopo ya nyumba nchini hutozwa riba ya asilimia 15 hadi 19 kwa mwaka. Chukua milioni 50 kwa riba ya 15, ulipe kwa miaka 15: kila mwezi ni karibu laki saba, na hadi unamaliza umelipa kama milioni 126. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa serikali Zanzibar kilipopandishwa mwaka 2022 kilifika 347,000. Laki saba ni zaidi ya mara mbili yake. Benki Kuu ilipoishusha riba yake ya sera, ile inayoongoza riba za mabenki, kutoka asilimia 6 hadi 5.75 Julai 2025, redio ikatangaza, barazani kwetu hakuna aliyegeuza shingo.

Anayeikimbia riba kwa ajili ya dini yake anaweza kwenda kwenye madirisha ya benki ya Kiislamu, akanunuliwa nyumba na kuuziwa kwa nyongeza inayojulikana tangu mwanzo. Ni njia ya halali na inatuliza moyo, ila nyongeza nayo ni pesa, na hapo pia utaulizwa hati. Hati! Viwanja vingi tunavyouziana huku pembezoni ni vipande vya zile eka tatu walizopewa wakulima baada ya Mapinduzi, vikakatwa vikakatwa, ushahidi wake ni karatasi yenye saini ya mashahidi wawili. Benki haiikopeshi karatasi hiyo.

Kwa hiyo tunajenga tunavyojenga siku zote: mwaka huu msingi, mwaka kesho tofali za kimo cha dirisha, mwaka wa tatu tunasubiri. Nina kiwanja Kianga chenye msingi na mnazi mmoja. Kila nikikusanya pesa ya lori la mchanga na mifuko ya saruji, miezi sita inagonga mlango. Hapo ndipo ninapoumia kuliko kwenye hiyo nyongeza ya elfu hamsini. Mkupuo unakula kuta zangu. Ningekuwa nalipa mwezi kwa mwezi, hata hiyo laki mbili na nusu, msingi ule ungeshapata linta.

Sasa kikomo. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi. Kibanda kilikuwa chako, kiwanja kilikuwa cha mwingine, na huyo mwingine akipandisha apendavyo. Nikiangalia fleti za leo ambazo chumba ni chako na ardhi si yako, nacheka peke yangu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikawa ya serikali, Mzee Karume akajenga majumba ya Kikwajuni, Kilimani na Michenzani kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki, na hata Pemba tukapata yetu. Waliovunjiwa vibanda wakapewa fleti. Ilikuwa kazi kubwa na simwachii mtu aidharau. Lakini nyumba isiyoleta pesa ya kutosha hata ya rangi, tunajua mwisho wake. Pandeni kwa bibi yangu wa Michenzani, ghorofa za juu, na ndoo ya maji kichwani, mumuulize. Nyumba nyingi za wakfu Mji Mkongwe nazo kodi yake ni ya huruma, na huruma haizibi ufa. Jirani zetu Kenya wana sheria inayolinda mpangaji wa makaazi anayelipa shilingi 2,500 za kwao kwa mwezi kushuka chini. Tafuteni chumba cha bei hiyo Mombasa mjini, mkikipata mniandikie. Kiwango kikishaandikwa kwenye sheria kinalala, kodi haisubiri.

Na kikomo hapa kwetu kingemwangukia nani kwanza? Bi mkubwa na thumni yake.

Ninachokitaka ni kidogo na hakihitaji tofali hata moja. Mwenye nyumba asiruhusiwe kudai zaidi ya miezi miwili mbele. Mkataba uandikwe, nakala moja ibaki kwa sheha, kiongozi wa mtaa, useme nani anaezeka paa, na kodi isipande bila ilani ya miezi mitatu. Udalali alipe aliyemtuma dalali. Najua wenye nyumba wataukimbia mkataba kwa kuogopa watu wa mapato. Basi zile kodi ndogo zisamehewe ushuru kwa yeyote anayeandikisha, tuone nani atabaki gizani. Serikali ikipata hasara ya vijisenti hivyo, ikavichukue kwa wale wa "mia tatu".

Mtaniambia hili haliwezekani. Mama yangu Wete anapangisha chumba kimoja kwa muuguzi. Kila mwisho wa mwezi analetewa mkononi. Kuna mwezi mshahara ulichelewa, akaletewa nusu na mkungu wa ndizi, wiki ya pili ikaja nusu iliyobaki. Hawana karatasi, kwa sababu mama anamjua hadi bibi yake yule muuguzi. Huku mjini hatujuani kiasi hicho, kwa hiyo tunahitaji karatasi.

Mwezi uliopita nilimwendea Bi mkubwa uani, nikamwambia nilipe kila mwezi, na fungu lake nimpe yeye mwenyewe mkononi, wengine niwatumie kwa simu. Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Mimi mwanangu hata leo ningetaka. Elfu ishirini na tano kila mwezi ni dawa zangu za presha, hizo laki na nusu zikija kwa mpigo wanazijua wajukuu." Halafu akasema nimuulize mwanawe mkubwa.

Kodi yangu inamalizika mwisho wa Shaabani. Mwanawe mkubwa ameshapiga simu, anataka miezi sita kabla ya Ramadhani.

Mpangaji, Fuoni