Wati zako zinaishia wapi? Kwa anayeanza utafiti wa vifaa vya kubadili nishati

Kila mwaka wanafunzi wapya wa uzamivu hunijia na swali lilelile: nichague mada gani ili nisiachwe nyuma? Mmoja anataka seli za jua za peroviskaiti, mwingine transista za silikoni kabidi, mwingine amesikia kwamba mota za sumaku ndizo zenye ufadhili. Siwakatazi. Ila kabla ya kujibu huwa nawauliza langu: kifaa hicho ukikiweka mezani leo, unaweza kunieleza kila wati inayoingia inaishia wapi? Karibu wote hunyamaza, na mimi hufurahi wanaponyamaza badala ya kubahatisha, maana hapo tumepata pa kuanzia.

Mota, jenereta, transfoma, seli ya jua, seli ya fueli, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa mkondo mnyoofu kuwa wa mkondo geu): hakuna hata kimoja kinachoumba nishati. Kila kimoja hupokea nishati ya namna moja na kuitoa kwa namna nyingine, na njiani hukata ushuru wake. Kwenye mota, ushuru huo unatozwa na nyaya za shaba, chuma cha kiini, beringi na feni. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijaona methali inayoieleza kazi yetu vizuri kuliko hiyo. Sisi ni watunza daftari. Kuna kilichoingia, kuna kilichotoka, na katikati kuna hasara, ambazo lazima uzitaje moja moja mpaka jumla ifunge. Mota peke yake hutumia zaidi ya asilimia 40 ya umeme wa dunia. Anayepata njia ya kupunguza hasara zake kidogo tu, kwa namna ambayo kiwanda kinaweza kuitumia, amefanya jambo kubwa.

Tatizo ni kwamba hasara haikai wazi ukaipima. Chukua kalamu. Kifaa kinapokea wati 1,000 na kutoa 970, yaani hasara ni wati 30. Mita zako zina kosa la asilimia 0.5 kila moja, na hizo si mita mbaya hata kidogo. Ni wati 5 upande wa kuingia na karibu wati 5 upande wa kutoka. Makosa hayo yakielekea pande tofauti, daftari lako litasoma hasara ya wati 20, au 40. Sasa mtu anaandika kwamba amepunguza hasara kwa asilimia 15, na alichofanya ni kutoa namba moja kwenye nyingine. Hajaonyesha kitu bado.

Mimi nililijua hili nikiwa mwaka wa tatu wa uzamivu, na nililijua kwa uchungu. Nilikuwa nimetengeneza inveta ya kilowati 10. Mita zikaniambia zinaingia wati 10,000 na zinatoka 9,920: hasara wati 80, ufanisi asilimia 99.2. Nikaandika makala, nikaipeleka kwenye jarida. Jioni moja fundi wetu wa maabara, mzee aliyekuwa amekaa na mashine hizo miaka mingi, alisogeza kiganja karibu na bamba la kupozea, akakiacha hapo kidogo, akasema, "Mwanangu, hizi si wati 80."

Nilitaka kubishana naye, lakini sikuwa na hoja. Ilinichukua wiki 2 kujenga kalorimita, yaani chombo cha kupima hasara yenyewe kama joto: sanduku la povu, bomba la shaba lililozungushwa ndani yake, maji yanayopita lita 1 kwa dakika, na vipimajoto viwili, kimoja maji yanapoingia na kingine yanapotoka. Hesabu yake ni ya sekondari. Kwa mtiririko huo, kila nyuzi 1 ya Selsiasi maji yanayopanda yamebeba takribani wati 70. Nikasubiri saa 3 hadi joto litulie. Maji yalipanda nyuzi 2.2. Wati 154, karibu mara mbili ya nilichokuwa nimeandika.

Kosa lilikuwa kwenye kihisi cha mkondo upande wa kutoka. Nilikuwa nimekirekebisha asubuhi kikiwa baridi, kisha nikakifunga sentimita chache tu kutoka kwenye bamba la kupozea. Kikishapata joto kilizidisha mkondo kwa asilimia 0.75 hivi. Ukilipima kosa hilo kwa nguvu yote ni dogo sana. Ukilipima kwa hasara, lilikuwa limeficha karibu nusu yake. Nilimwandikia mhariri kuiondoa makala kabla wapitiaji hawajajibu. Ilitoka mwaka uliofuata ikiwa na asilimia 98.5 na maelezo kamili ya kalorimita, jina la mzee likiwa kwenye shukrani. Leo ningeliweka miongoni mwa waandishi. Watu wanaoniandikia kuhusu makala ile huuliza juu ya sanduku, mara chache sana juu ya inveta.

Basi jifunze kupima kabla ya kujifunza kubuni. Simulesheni ni nzuri na mimi naitumia kila siku, lakini simulesheni hutoa ulichoiwekea, na hasara nyingi za kweli zimo katika yale usiyojua kuyaweka: chuma kilichoumia kwa kukatwa, gundi iliyopakwa vibaya, skrubu iliyolegea.

Halafu kijue kikomo cha kifaa chako kabla ya kuahidi lolote. Sadi Carnot aliweka kikomo cha injini za joto mwaka 1824. Shockley na Queisser walifanya hivyo kwa seli ya jua ya kiungo kimoja (yenye makutano mamoja tu ya semikondakta) mwaka 1961, na leo tunakitaja kuwa karibu asilimia 33. Tuseme una kifaa cha themoelektriki, kinachogeuza tofauti ya joto kuwa umeme, chenye nyuzi 125 upande mmoja na 25 upande wa pili. Carnot anakuruhusu asilimia 25, basi, na kwa vifaa vya kawaida utapata kama moja ya tano ya hiyo. Ukiandika kwenye maombi ya ufadhili kwamba utafika asilimia 20, anayeijua fani ataishia hapohapo. Nimekaa kwenye kamati za kupitia maombi, na nimesikitika kuona wazo zuri likianguka kwa sababu ya namba moja ambayo mwombaji angeweza kuikagua kwa kalamu kwa dakika 5.

Kuhusu mada inayovuma, angalia miaka ya fani yenyewe. Becquerel aliona mwanga ukizalisha umeme mwaka 1839. Seli ya silikoni ya Bell Labs ilifika takribani asilimia 6 mwaka 1954. Seebeck aliona athari ya themoelektriki mwaka 1821 na akadhani joto linazalisha sumaku. Vipimo vyake vilibaki, tafsiri yake ikarekebishwa na wengine. Chagua kitu ambacho utaendelea kukijali hata ufadhili ukihamia kwingine, kwa sababu utahamia.

Usalama nausema kwa kirefu kwa makusudi. Kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme, ya mikrofaradi 1,000 iliyochajiwa hadi volti 800 imebeba juli 320, na haijali kwamba umezima swichi. Ukiiwekea rezista ya kilo-omu 10 ya kuimaliza chaji itahitaji karibu nusu dakika kushuka chini ya volti 50. Hiyo ni ikiwa rezista ni nzima. Rezista ikikatika hakuna taa itakayokuambia. Kwa hiyo usihesabu sekunde ukaamini, pima. Ijaribu voltimita kwenye chanzo unachokijua, pima kapasita, kisha ijaribu tena kwenye chanzo kilekile, maana voltimita iliyokufa nayo husoma sifuri. Usifanye kazi ya volteji kubwa peke yako usiku, hata kama tasnifu inadaiwa kesho. Mwanafunzi wangu akivunja sharti hilo namtoa maabara kwa wiki nzima, na sijawahi kulilegeza kwa yeyote.

Mengine ni mepesi zaidi. Kubali kufundisha somo la mashine za umeme mapema. Maswali ya wanafunzi wa mwaka wa pili yatakuonyesha usipoelewa kuliko mkutano wowote. Makala ikikataliwa, isome barua ya mpitiaji siku ya pili, si siku hiyohiyo.

Na kama unaanza wiki hii na hujui ushike nini, omba transfoma ndogo. Iache bila mzigo, upime nguvu inayokula. Hapo mkondo uko nyuma ya volteji kwa karibu robo ya mzunguko, na pawa fakta, yaani uwiano wa wati halisi kwa zao la volti na ampea, inaweza kuwa 0.05. Kwa pawa fakta hiyo, mita ikikosea pembe kwa digrii 0.1 tu, usomaji wako wa wati umekosea kwa asilimia 3.5. Pima kwa mita mbili tofauti. Zitapishana. Usimletee msimamizi wako wastani wake. Mletee maelezo ya kwa nini zimepishana, pamoja na tarehe, joto la chumba na namba ya kila mita.