Kitenzi hablar na nyakati zake

Ndugu, umeuliza utawezaje kukumbuka maumbo yote ya kitenzi cha Kihispania hablar, "kusema". Usikariri jedwali zima. Ondoa -ar, libaki shina habl-, kisha badilisha mwisho: hablo (nasema), hablé (nilisema), hablaba (nilikuwa nikisema). Kiswahili huweka nafsi na wakati mbele ya shina, Kihispania huviweka nyuma. Hapo ndipo wengi wetu hukwama. Wakati ujao haukati kitu: hablaré, nitasema. Kwenye hali ya kutaka, a hugeuka e: quiero que hable, nataka aseme. Tazama, nasi husema "anasema" lakini "aseme"! Ila kwa comer, "kula", ni kinyume: coma. Alama ya mkazo usiiache kamwe: hablo ni nasema, habló ni alisema.