Je, Mkatoliki akiandika hadithi ya mauaji anatenda dhambi?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Nasomea fasihi chuo kikuu. Kaka yangu aliuawa na majambazi miaka miwili iliyopita, na nimekuwa nikiandika hadithi inayomfuata mmoja wa wauaji hadi usiku ule. Ujasiri niliupata darasani, tuliposoma A Good Man Is Hard to Find ya Mmarekani Flannery O'Connor. Kiongozi wa jumuiya yetu amesema Mkatoliki halisi haandiki mauaji, na kwamba ninamtumikia shetani. Nimechana kurasa za mwisho, na tangu Kwaresima sijapokea Komunyo. Nimetenda dhambi?

JIBU: Hapana, mwanangu. Kama hakuna jambo jingine zito linalokuzuia, Jumapili hii nenda ukapokee. Swali lako limenikosesha raha: mfiwa kukaa miezi na njaa ya Ekaristi kwa sababu ya daftari!

Anayekataza hadithi zenye damu aanze na Biblia yake. Waamuzi 19: mwanamke anatendewa unyama usiku kucha, asubuhi anakutwa ameanguka mlangoni, kisha mwili wake unakatwa vipande 12. Hakuna malaika anayeshuka kumwokoa, wala hakuna mahubiri mwishoni. Je, tuichane sura hiyo nayo?

Huyo O'Connor naye hakuwa mtu wa kuchezea dini. Alizaliwa Savannah, Georgia, mwaka 1925, Mkatoliki katikati ya Waprotestanti wengi. Ugonjwa wa lupus ulimuua baba yake binti akiwa na miaka 15, ukamshika na yeye. Akarudi kwa mama yake, shambani karibu na Milledgeville, akawa anafuga tausi, anatembea kwa magongo, anaandika kila asubuhi kwa kadiri ya nguvu zake. Alifariki 1964 akiwa na miaka 39. Siku moja wasomi walipomwambia kwamba Ekaristi ni ishara nzuri, alijibu kuwa kama ni ishara tu, basi na iende jehanamu. Wangapi kwenye jumuiya zetu wangethubutu kusema hivyo mbele ya wakubwa?

Sasa itazame hadithi yenyewe, ya mwaka 1953. Bibi mmoja mwenye majivuno anakutana barabarani na mhalifu aliyetoroka gerezani, na familia yake inauawa. Muuaji anavaa shati la mwanawe bibi, la manjano lenye kasuku wa buluu. Bibi anamwona ndani ya shati hilo, anamwambia kuwa yeye ni mmoja wa watoto wake, anamgusa bega. Anapigwa risasi tatu kifuani. Mwandishi mwenyewe alieleza kuwa neema iko katika mguso ule. Bibi aliyejivunia heshima yake maisha yake yote anamtambua muuaji kuwa damu yake. Anayesema Mungu hayumo mle hajaisoma.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, ambaye O'Connor alimsoma sana, anafundisha kuwa fundi husifiwa kwa ubora wa kazi yake. Kiti kinachoyumba hakitulii kwa kuchongwa msalaba mgongoni. Na Mtakatifu Yohane Paulo II aliwaandikia wasanii mwaka 1999 kwamba hata wanapochungulia giza la uovu, kwa namna fulani wanaisemea hamu ya watu wote ya kukombolewa.

Jambo moja sitalificha, maana sisi ni Waafrika: katika barua zake binafsi O'Connor aliandika maneno ya dharau juu ya watu weusi. Ile ilikuwa dhambi, na kipaji hakiitakasi. Jifunze ufundi wake, hilo liache.

Lakini naona kinachokuumiza si kanuni. Unaogopa kwamba kumwandika muuaji kama mtu ni kumsaliti kaka yako. Si usaliti. Wala usijilazimishe kumsamehe kwenye karatasi wakati moyo haujafika. Msamaha wa uongo utausikia mwenyewe ukisoma kwa sauti. Mpelekee paroko nia ya Misa kwa ajili ya marehemu, na siku hiyo uhudhurie. Usiku ukikuzidi, mpigie mtu aliyempenda kaka yako, mkae mumzungumzie.

Zile kurasa ulizochana ziandike upya, taratibu. Ukifika pale muuaji anapoinua uso, usimkimbie. Na kama unataka wa kuzisoma kwanza, niletee mimi.