Ukitaka Daladala Ifike Mwisho wa Ruti, Wakalishe Madiwani wa Pande Zote Meza Moja

Wiki hii msomaji mmoja wa Ngaramtoni ameniandikia. Anafanya kazi mjini Arusha, na jioni magari yanakata ruti. Abiria wanashushwa njiani, konda anarudisha nusu nauli akijisikia, na safari inaanza upya kwa kugombea gari jingine. Anauliza sisi wa Usa River tulifanyaje hadi tukasikilizwa. Dada yangu, swali hilo nimelisubiri muda mrefu.

Kwanza ujue unapita kwa nani. Ngaramtoni iko Halmashauri ya Wilaya ya Arusha. Kilombero unakopandia gari ni Jiji la Arusha. Sisi Usa River tuko Halmashauri ya Meru. Safari yako ni moja na nauli moja, lakini njiani kuna mabaraza mawili ya madiwani, bajeti mbili na stendi mbili, kila moja na ushuru wake. Leseni na nauli ziko LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa nchi kavu, iliyoichukua kazi hiyo kutoka SUMATRA mwaka 2019. Barabara kuu ni ya TANROADS, za mitaa ni za TARURA. Ukiandikia ofisi moja tu, itakujibu kwamba jambo hilo haliihusu, na itakuwa inasema kweli.

Ndivyo tulivyozungushwa. Mimi nilikuwa katibu wa kikundi cha wazazi na abiria, tukiomba kibanda cha kujikinga mvua na magari yamalize ruti jioni. Ofisi ya kwanza ikasema kituo kiko kwa wenzao. Ya pili ikasema abiria ni wa wenzao. Afisa mmoja aliisoma barua yetu amesimama mlangoni, akaikunja, akanirudishia: "Mzee wangu, wewe si mkazi wangu." Siku hiyo nilikuwa nimefunga duka ili niende kumwona. Maneno yale bado yananiuma.

Aliyetufumbua macho ni dereva wa kifodi, zile daladala zetu ndogo. Alituambia jioni kwenda gari limejaa, kurudi ni tupu, ushuru unadaiwa huku na huku, na hesabu ya kila siku anayompelekea tajiri mwenye gari iko palepale. Kwa hiyo anageuzia katikati apakie tena. Halmashauri nazo kila moja inaogopa magari yakizoea stendi ya jirani, mapato yatahama. Kumbe tulikuwa tunalia mvua na jua wakati wenzetu wanawaza ushuru!

Tukabadilisha ombi. Tuliwafuata watendaji wa kata wa pande zote, madiwani wao, viongozi wa madereva na LATRA, tukaomba kikao kimoja chenye ajenda moja: mapato. Tulibandika karatasi ya manila ukutani, tukachora ruti nzima kwa kalamu nyekundu, kila kituo na nani anakusanya nini pale. Diwani mmoja aliyekuwa akichezea simu alivuta kiti mbele, akaanza kuuliza maswali. Wakakubaliana risiti ya asubuhi ya upande mmoja itambulike upande wa pili siku hiyohiyo. Baada ya hapo habari ya kukata ruti ikapata wa kuisimamia, na kibanda kikajengwa.

Siku ya kukizindua waliongea wengi. Kikundi chetu hakikutajwa. Nilisimama nyuma, nikaangalia utepe ukikatwa na mtu ambaye hakuwahi kutujibu barua hata moja. Lakini kibanda kipo, na wanafunzi hawanyeshewi.

Msiniambie mambo haya ni ya miji mikubwa. Hamburg kule Ujerumani iliunganisha usafiri wake chini ya chombo kimoja mwaka 1965, abiria akapanda kwa tiketi moja. Jirani zetu Kenya waliunda NaMATA, mamlaka moja ya usafiri, mwaka 2017 kwa ajili ya Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Mabasi ya mwendokasi Dar yalianza 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni, bila abiria kujali ameingia manispaa gani. Sisi tunashindwa nini kati ya Kilombero na Ngaramtoni?

Vijana, kulalamika kwenye makundi ya WhatsApp hakuleti gari. Andikeni barua moja yenye majina ya wakurugenzi wawili juu yake, nakala LATRA. Mkiandika barua mbili tofauti, kila mmoja atamsukumia mwenzake. Nendeni na madereva, maana wao ndio wanajua pesa inapovuja. Na kikao kiwe kimoja, nasisitiza, pande zote zikiwa chumba kimoja.

Sisi sasa tunaelekea Bomang'ombe, wilaya ya Hai. Hapo ugumu umeongezeka, kwa sababu Hai iko mkoa wa Kilimanjaro, na anayesafiri kati ya Usa River na Boma anategemea Coaster za Arusha na Moshi, ambazo zinapendelea abiria wa safari nzima. Barua imeshaandikwa kwa wakurugenzi wa Meru na Hai kwa pamoja, na nakala zitakwenda LATRA ya mikoa yote miwili. Ajenda ya kwanza ni ushuru wa stendi.