Punguza Sura, Kaa Zaidi na Neno

Wengi wanaoniuliza namna ya kusoma Biblia kila siku huanza kwa kulalamikia muda. Ukiwadodosa kidogo unakuta muda wanao, ila kinachowashinda ni deni. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189, kwa hiyo anayetaka kuimaliza kwa mwaka mmoja anadaiwa sura tatu au nne kila siku. Mwanzo inakwenda vizuri kwa sababu imejaa visa. Kutoka nayo inakwenda, mpaka zinapoanza habari za mbao, vitanzi na vipimo vya hema. Hapo mtu anaugua, au anapata msiba, wiki inapita, na akirudi anakuta sura zaidi ya 20 zinamsubiri. Anafunga kitabu, na hakifunguliwi tena mpaka Januari nyingine.

Ndiyo maana ushauri ninaousimamia kuliko mwingine wote ni huu: siku iliyokupita usiilipe. Fungua pale ulipoishia, soma cha leo, basi. Hakuna anayekudai.

Sisemi ratiba za mwaka ni mbaya. Robert Murray M'Cheyne, mchungaji wa Dundee huko Uskoti, aliwatungia waumini wake ratiba ya namna hiyo mwaka 1842: Agano la Kale mara moja kwa mwaka, Agano Jipya na Zaburi mara mbili. Mpaka leo kuna wanaoifuata. Lakini mwenyewe aliitolea maonyo: kwamba wako watakaosoma kwa mazoea matupu, wako watakaojiona wema kwa kuwa wametimiza sehemu ya siku, na wako ambao itawaelemea kama nira. Programu za simu siku hizi zinakuhesabia siku ulizofululiza na kukupa nishani, na ukikosa moja hesabu inarudi sifuri. Hiyo hesabu mimi nimeizima. Nilianza kusoma kwa ajili yake, na ukishafika hapo husomi tena, unalinda rekodi.

Kiasi gani, basi? Mistari kumi hadi kumi na tano inatosha. Kwa anayeanza, Injili ya Marko ni nzuri: sura 16, mwendo wa haraka, maneno machache. Wala usijilazimishe kuishia mwisho wa sura. Mgawanyo wa sura ni wa karne ya 13, na namba za mistari tunazotumia katika Agano Jipya zilianzia kwa mchapishaji Robert Estienne mwaka 1551, kwa hiyo mara nyingine mstari wa kugawa umepita katikati ya jambo. Ule wimbo wa Mtumishi anayeteseka, tunaouita Isaya 53, kwa kweli unaanza sura ya 52 mstari wa 13. Ukianzia 53:1 umeingia mazungumzo yakiwa yameshaanza. Soma mpaka habari ikamilike.

Sasa kutafakari, maana hapa ndipo watu hukwama. Wanasoma, wanafumba macho, hakuna linalokuja. Chukua Marko 4:35–41, Yesu anapotuliza dhoruba. Ni mistari saba tu. Isome mara moja kwa sauti. Yule towashi Mwethiopia wa Matendo 8 alikuwa akisoma kwa sauti garini, ndivyo Filipo alivyomsikia. Kisha irudie polepole, penseli mkononi, ukitafuta kitu ambacho hukukitarajia. Mstari wa 36 unasema kulikuwa na vyombo vingine pamoja naye. Nimesikia habari hii tangu utotoni na sikuwahi kuviona hivyo vyombo. Waliokuwa ndani yake nao walipigwa na mawimbi, nao walipata shwari, na hatuambiwi kama walijua imetoka wapi. Mstari wa 38 unasema Yesu alikuwa amelala juu ya mto, ule wa kulalia kichwa. Mathayo na Luka wanasimulia dhoruba hiyohiyo bila kuutaja huo mto. Halafu mstari wa 41: bahari imeshatulia, na hapo ndipo wanafunzi wanaingiwa na hofu kuu. Kwa nini waogope sasa, hatari ikiwa imepita?

Swali hilo moja ndilo unaloondoka nalo. Liandike kwenye daftari pamoja na tarehe, na chini yake sala ya sentensi moja iliyotokana na hapo uliposoma. Usiandike insha. Swali utatembea nalo njiani, kazini, kwenye foleni, na jibu likija jioni, au lisipokuja, bado umeshinda na Neno. Mtawa mmoja wa karne ya 12, Guigo II, aliyaeleza haya kwa ngazi ya vipandio vinne: kusoma, kutafakari, kuomba, kisha kutulia mbele za Mungu. Ninachokipenda ni mpangilio wake. Sala inatoka katika yale uliyosoma, badala ya kuwa orodha ileile ya kila siku.

Kuhusu saa, sina ubishi. Marko 1:35 hutajwa sana kama amri ya kuamka alfajiri, lakini Zaburi 63:6 inamtafakari Mungu kitandani, usiku. Mwenye mtoto mchanga au anayefanya kazi za zamu achague saa yake. Kinachosaidia ni kuifunga na jambo unalolifanya kila siku bila kukumbushwa: ukishapiga mswaki, au ukishapanda kitandani. Na simu ikae chumba kingine. Kama Biblia yako imo ndani ya simu, zima intaneti kwanza, la sivyo utaanzia Marko na kuishia kwenye ujumbe wa kikundi.

Jihadhari pia na kufungua popote na kuokota mstari kama kura. Yeremia 29:11, lile neno la mawazo ya amani, limo kwenye barua kwa watu waliohamishwa Babeli. Mstari mmoja tu kabla yake wanaambiwa miaka 70 itimie kwanza, na mstari wa 5 unawaagiza wajenge nyumba huko na kupanda bustani. Ukiisoma barua nzima, faraja yake inakuwa nzito zaidi, na ngumu zaidi pia.

Siku kavu zitakuwepo. Siku ya haraka kuna Zaburi 117, mistari miwili. Siku ya majonzi kuna Zaburi 88, ambayo haimalizii kwa sifa, inaishia gizani. Isome na uiache ilivyo.

Yasiyoeleweka yaandike pembeni, kisha mara moja kwa wiki yapeleke kwa mtu: mchungaji, padri, katekista, au rafiki anayesoma kitabu hichohicho. Yule towashi alipoulizwa kama anaelewa, alijibu kwamba hawezi bila mtu wa kumwongoza, na hakuona aibu kulisema. Tafsiri mbili nazo husaidia. Mimi husoma Union Version ya 1952, na sentensi ikinichanganya natazama Habari Njema.

Ukimaliza Marko, nenda Ruthu, sura nne, kisha Wafilipi, nne nyingine. Halafu rudi Mwanzo na Kutoka bila haraka. Ukifika Walawi, usiisome peke yake: weka kidole kwenye Waebrania sura ya 9 na ya 10, na anza na Walawi 16, ile siku ya upatanisho.