Maswali ya Wasomaji: Programu Ipi ya Kadi za Kujikumbusha?

SWALI: Niko mwaka wa pili wa uuguzi hapa Nairobi. Simu yangu ni ya Android na bando nanunua ya siku. Darasani kila mtu anasifu programu yake ya kadi. Nichukue ipi? – Msomaji, Kayole

JIBU: Chukua AnkiDroid, toleo la Android la programu ya kadi iitwayo Anki. Ni ya bure, haina matangazo, na kadi zikishaingia kwenye simu huhitaji bando. Utarudia ndani ya matatu hata mtandao ukikatika. Soma jina vizuri dukani, maana zipo programu nyingine zenye neno Anki ambazo si za mradi huu, na baadhi hulipiwa. (Mwenye iPhone hulipa mara moja, dola 24.99.)

Unapolinganisha programu, usitazame rangi. Tazama ni nani anayepanga siku ya kadi kurudi. Inayokuzungushia rundo zima (kadi zako zote za somo moja) kila ukiifungua haikupangii vipindi, inakuchosha tu.

Ukishaiweka, ingia kwenye mipangilio ya rundo, washa FSRS (hesabu inayopanga kadi irudi siku gani), na kiwango cha kukumbuka ukiache 0.90, yaani ulenge kukumbuka kadi 9 kati ya 10. Ukikipandisha hadi 0.97 kwa hofu ya mtihani, marudio yatakufurika. Kadi mpya huja zikiwa 20 kwa siku: shusha hadi 8. Kila kadi mpya inadai kurudiwa siku zijazo, na baada ya majuma kadhaa zile 20 zinaweza kukuletea marudio zaidi ya 150 kila siku. Wengi huikimbia programu hapo, kisha huilaumu.

Kosa jingine ni la vitufe. Ukisahau jibu, bonyeza Again (tena), hata kama lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Hard (ngumu) ni ya aliyekumbuka kwa taabu. Ukibonyeza Hard kwa kadi uliyosahau, programu huhesabu kwamba umefaulu, na hesabu zote zinazofuata hupotoka.

Kadi nazo ziwe fupi. "Eleza heparini" (dawa ya kuzuia damu kuganda) ni kadi mbaya: utakumbuka kazi yake, usahau madhara, kisha usijue ubonyeze kipi. Uliza hivi: "Heparini ikizidi, dawa gani huivunja nguvu?" Jibu: protamini. Madhara yapate kadi yake.

SWALI: Natumia Anki kwenye kompyuta ya maktaba na kwenye simu. Juzi nilipounganisha kadi za vifaa hivyo viwili kupitia mtandao, kadi za wiki nzima zilipotea. Kwa nini? – Msomaji, Rongai

JIBU: Ukibadilisha muundo wa kadi upande mmoja, programu haiwezi kuchanganya pande mbili, kwa hiyo hukuuliza upakie au upakue. Huenda ulichagua kupakua, na nakala ya zamani ya AnkiWeb (hifadhi ya Anki mtandaoni) ikafuta iliyokuwa kwenye simu. Jaribu kurejesha nakala rudufu ambazo programu hujihifadhia yenyewe, lakini kabla ya kuunganisha tena. Kuanzia sasa, unganisha kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, kila kifaa, na kila mwezi hamisha kadi zako kama faili ya .apkg (faili ya kadi za Anki) uiweke kwenye flashi.