Ukibishana Kuhusu Warushaji wa Akiba, Uliza Miaka Kabla ya Bei

World Series, yaani fainali ya besiboli ya Marekani, ikiisha tu, wenzangu kazini hapa Massachusetts wanahamia kwenye ubishi mwingine: timu imsajili nani kwenye benchi la warushaji wa akiba. Ukitoka kwetu hupati tabu kuizoea hali hiyo, maana ni tetesi za usajili za Simba na Yanga zilezile, ila hizi zinaanza Novemba na Februari bado watu wanarushiana maneno. Nawaandikia wenzangu mlioanza kuifuatilia besiboli ukubwani, mnaotaka kuchangia mada bila kuchekwa.

Mrushaji ndiye anayemtupia mpigaji mpira, na wa akiba anaingia pale aliyeanza mechi anapochoka. Yule wa kufungia mechi wanamwita klosa, na ndiye anayevuta pesa nyingi. Ukitaka kumtetea, usianze na sevu. Sevu ya kawaida klosa anaandikiwa akiingia timu yake inaongoza kwa pointi zisizozidi tatu, akarusha ininga nzima (kipindi kimoja kati ya tisa vya mechi) na ushindi ukabaki. Maana yake anaweza kufungwa pointi mbili, mashabiki wakashika vichwa, na sevu yake ikahesabiwa kama kawaida. Mwaka 2018 Wade Davis wa Colorado Rockies aliongoza National League, moja ya ligi kuu mbili za huku, kwa sevu 43 huku ERA yake, yaani wastani wa pointi anazofungwa mrushaji kwa kila ininga tisa, ikiwa 4.13, ambayo kwa klosa ni mbaya. Mwaka uliofuata ikapanda hadi 8.65. Najua Denver, wanakochezea Rockies, iko juu sana na mpira huko unasafiri mbali, lakini 8.65 huwezi kuisingizia milima. Na Rockies walikuwa wamempa dola milioni 52 kwa miaka mitatu.

Hiyo ERA nayo itumie kwa tahadhari. Mrushaji wa akiba anarusha kama ininga 60 au 70 kwa msimu, wakati anayeanza mechi akiwa mzima anaweza kufika 180. Chukua mtu mwenye ininga 60 na pointi 20 alizofungwa: ERA yake ni 3.00. Muongezee usiku mmoja mbovu wa pointi nne, anakuwa na 3.60. Ni mrushaji yuleyule, mkono uleule, lakini watu washamwita galasa.

Mimi naangalia ni wapigaji wangapi anawatoa kwa straiki tatu, halafu ni wangapi anawapa besi ya bure kwa kurusha mipira mibovu. Hapo hakuna mdakaji wa kumbeba wala upepo wa kumponza. Kuna mzee mmoja tunakula naye chakula cha mchana, shabiki wa Red Sox, timu ya Boston, tangu utotoni, ambaye hata hizo hazimtoshi. Ukimtajia jina anavaa miwani, anafungua simu, anatafuta kitu kimoja: mpira wa kasi wa huyo mtu ulikuwa maili ngapi kwa saa Aprili, na ulikuwa maili ngapi Septemba. Ukikuta umeshuka maili mbili, anaifunika simu mezani na kurudi kwenye mkate wake. Mazungumzo yameisha. Nimemwiga, na imenisaidia kuliko uchambuzi mwingi wa televisheni.

Lakini ubishi wenyewe hasa uko kwenye miaka ya mkataba. Watu wanapigia kelele bei, na bei si tatizo kubwa kwa timu hizi tajiri. Mwisho wa 2016 San Francisco Giants walimpa Mark Melancon miaka minne kwa milioni 62. Mkono ukamsumbua, msimu wa kwanza akapata sevu 11, wa pili sevu 3, na bado alikuwa anadai miaka miwili. Edwin Díaz naye alisaini na New York Mets miaka mitano kwa milioni 102 mwishoni mwa 2022. Machi 2023 akaumia goti akishangilia ushindi wa Puerto Rico kwenye World Baseball Classic, mashindano ya timu za taifa, msimu mzima ukapotea. Akishangilia, jamani.

Tanner Scott je? Los Angeles Dodgers walimpa miaka minne, milioni 72, Januari 2025. Msimu wake wa kwanza ERA ikawa 4.74 na akapoteza nafasi kumi za sevu. Oktoba, kwenye mechi za mtoano, mechi kadhaa alizifunga Roki Sasaki, kijana aliyesajiliwa kuwa mrushaji wa kuanza, na mchezo wa saba wa World Series ukamalizwa na Yoshinobu Yamamoto, aliyekuwa ameanza mechi jana yake!

Sasa linganisha na mikataba ya mwaka mmoja. Tampa Bay Rays walimwokota Fernando Rodney mwaka 2012 kwa milioni 1.75, akawalipa sevu 48 na ERA ya 0.60. Red Sox walipomchukua Aroldis Chapman kwa milioni 10.75 kwa ajili ya 2025, mimi na wengine tulisema mtu wa miaka 37 wa nini. Akamaliza na ERA ya 1.17. Si kwamba wa bei nafuu wote wanang'aa, wengi wanaachwa kabla ya Juni na hakuna anayewakumbuka. Ila wakiboronga, hasara inaishia msimu huohuo.

Kuna mtu lazima atakutajia Mariano Rivera, klosa wa zamani wa New York Yankees, na sevu zake 652. Mkubalie haraka. Kisha mkumbushe kwamba Yankees hawakumnunua sokoni, walimlea wenyewe tangu akiwa kijana wa Panama.

Kwa hiyo Desemba 2025, Dodgers walipomchukua Díaz kwa milioni 69, mimi sikugombana na bei, ingawa milioni 23 kwa mwaka ilikuwa rekodi kwa mrushaji wa akiba wakati huo. Ilikuwa miaka mitatu, mtu alikuwa na umri wa miaka 31, na bado alikuwa anawatoa wapigaji anavyotaka. Shabiki wa Mets tunayefanya naye kazi hataki hata tuligusie.